Makaroni ya kuoka: yaingie oveni yakiwa bado na kiu

"Habari mtaalamu. Niko Dar, mwezi uliopita nimenunua oveni ndogo ya umeme ya mezani, nikajaribu makaroni ya kuoka na nyama ya kusaga, nyanya na chizi. Makaroni nilichemsha dakika 20 yakalainika vizuri, nikayaosha maji ya baridi nikayatia mafuta yasigandane. Nyanya kilo moja na nusu nikablendi, nikapika dakika 10 hivi na kopo dogo la nyanya. Chizi ya cheddar gramu 400 nikaimwaga yote juu, nikaweka rafu ya juu, moto 220, dakika 45. Juu ikatoka ngumu kama ndala na mafuta yanaelea, chini bwawa la maji mekundu, makaroni yenyewe uji, na sosi chachu. Mume wangu kaomba bakuli la supu. Wifi anasema chizi ilikuwa feki, ninunue mozzarella, dada yangu anasema niongeze sukari. Jumapili ya wiki ijayo wakwe wanakuja, na baba mkwe ana presha. Nimekosea wapi? Na umeme ukikatika naweza kutumia mkaa?"

Dada yangu pole sana, ila hapo kwenye bakuli la supu nimecheka, nisamehe. Umeuliza kwa urefu na mi nashukuru, maana watu wengi wananiandikia "makaroni yangu yameharibika kwa nini" na hawasemi hata dakika wala moto, sasa mtu unajibu nini? Wewe umetaja kila kitu na jibu limo humo humo kwenye swali lako. Chizi yako haikuwa feki. Wifi ana kaukweli kadogo na dada ana kaukweli kadogo, lakini mwizi mkubwa hapa ni maji, kwamba yaliingia wapi, yakatoka wapi, na yalipotaka pa kukaa hayakupata.

Tuanze na makaroni. Makaroni makavu gramu 100 yakiiva yanafika gramu 200 na zaidi kidogo, na hiyo nyongeza yote ni maji yaliyonywewa. Yakishakunywa yakashiba hayanywi tena kwa faida, yanabaki kuvimba na kupasuka. Ya kwako kwa dakika 20 yalishashiba mpaka basi kabla hata hujawasha oveni. Halafu ukayamwagia sosi ya nyanya ambayo nayo imejaa maji, ukayaweka kwenye joto dakika 45 nyingine, yale maji ya nyanya yaende wapi? Yakashuka chini. Ndo maana ukapata vitu viwili vinavyoonekana havipatani, makaroni yaliyorojeka na bwawa chini yake, kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni kuyatoa mapema. Soma paketi, kama imesema dakika 11 wewe toa kwenye 8. Na usiiamini saa peke yake, chukua moja likate katikati kwa kisu uangalie ule ukuta wake: ukiona katikati kuna kamstari keupe kama chaki, hapo ndo penyewe. Ile chaki ni wanga ambao maji hayajaufikia, yaani kiu iliyobaki, na hiyo kiu ndo itakayokunywa sosi yako ndani ya oveni. Ukiyatafuna saa hiyo utasema mabichi haya, yanagoma kwenye jino. Acha yagome. Maji ya kuchemshia yawe mengi, kama lita nne kwa paketi ya gramu 500, na uchote kikombe kimoja uweke pembeni kabla ya kumwaga, utakihitaji.

Kuhusu kuosha na maji baridi na kutia mafuta, hii tabia tunayo wengi tumeikuta kwa mama zetu. Kuosha kunafaa kama unatengeneza saladi ya makaroni. Kwa hii ya kuoka unaondoa ule utelezi wa wanga unaoshikisha sosi, na ukija kuongeza mafuta juu yake ndo umepaka kabisa ngao, sosi inateleza inaenda zake. Unaogopa yasigandane? Yatie miko miwili mitatu ya sosi yenyewe yakiwa ya moto, geuza, basi. Wapo pia watakaokwambia usichemshe kabisa, panga makavu umwagie sosi nyingi uoke. Inawezekana, nimeshafanya, lakini inataka sosi nyepesi zaidi, foili iliyobana na muda mrefu wa moto wa kutulia, na oveni za mezani nyingi hazina moto wa kutulia. Siku ya wakwe si siku ya kujaribia hiyo.

Nyanya sasa. Nyanya mbichi zaidi ya sehemu tisa katika kumi ni maji matupu, kwa hiyo ile kilo moja na nusu yako ni karibu lita moja na nusu ya maji yenye rangi. Dakika 10 hazikuyafanya kitu. Hapa wala sikufundishi kipya, wewe si unapika mchuzi kila siku? Unajua ile alama ya nyanya kuiva, mafuta yanajitenga pembeni ya sufuria yanang'aa mekundu. Alama ni hiyo hiyo. Mafuta yanajitenga kwa sababu maji yamekwisha, na ile rangi nyekundu ya nyanya inapenda mafuta ndo maana inahamia humo. Sikiliza na sauti pia, mwanzoni nyanya zinachemka kama maji, baadae zinaanza kurusha matone mazito, pwat, pwat, unaanza kukwepa. Pitisha mwiko chini ya sufuria, njia ikibaki wazi sekunde mbili kabla sosi haijarudi umefika. Kwa kilo moja na nusu tegemea dakika 35 hadi 45 bila mfuniko, ibaki kama nusu yake. Ukipata zile nyanya ndefu ndefu zenye nyama nyingi, kama zinazoletwa mjini kutoka Ilula, Iringa, maji yake ni machache kuliko za duara laini na kazi inapungua.

Na lile kopo la nyanya usilitumbukize tu kwenye maji. Likaange kwanza kwenye mafuta na kitunguu na thomu, dakika mbili tatu, mpaka ile rangi ya kung'aa igeuke kuwa nzito ya kitofali na harufu ya kopo ipotee, ndo utie nyanya zako. Nyama ya kusaga nayo ikaange mpaka maji yake yakauke na ianze kulia kwenye mafuta, isije ikachangia bwawa.

Uchachu: dada yako anasema sukari, na si vibaya, kijiko kimoja cha chai kwa sufuria hiyo hakina neno. Lakini sukari haiondoi uchachu, inaufunika tu, asidi ipo pale pale. Karoti ya kukwangua ni hivyo hivyo, inaleta utamu wake. Kinachoua asidi kweli ni baking soda, unatia kiasi cha ncha ya kijiko cha chai, sosi inatoa povu, unakoroga, unaonja. Ukizidisha inakuwa na ladha ya sabuni na hapo hakuna wa kukuokoa. Ila mi naamini ukiipika nyanya muda huo niliosema hutahitaji hata soda, maana chachu yako nyingi ilikuwa ubichi.

Kisha twende kwenye chizi, jina ambalo watoto wa mjini wakilisikia wanadhani unamtukana mtu. Wifi yako anataka ununue mozzarella. Kwanza nieleze nini kinatokea. Chizi ni wavu wa protini, na ndani ya matundu ya wavu kuna vijitone vya mafuta na maji. Ukiipa joto la wastani mafuta yanalainika, wavu unalegea, chizi inatiririka na kuvutika, kila mtu anafurahi. Ukizidisha moto au muda, wavu unajikaza, unajikamua kama nguo, maji na mafuta yanatoka nje na kilichobaki ni protini kavu iliyobana. Hiyo ndo ndala yako. Halafu cheddar iliyokaa muda mrefu wavu wake umeshakatika katika wakati ikikomaa, ladha inakuwa nzuri kweli lakini mafuta yanatoroka upesi kuliko mozzarella. Na hesabu ndogo: cheddar karibu theluthi yake ni mafuta. Gramu 400 zina gramu kama 130 za mafuta, zaidi ya nusu kikombe. Hukuona mafuta yanaelea? Uliyaweka mwenyewe.

Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana jikoni kwenye hoteli moja niliweka chizi juu tangu mwanzo kwenye trei ya watu 40 nikaiacha saa nzima. Mpishi mkuu alikuja akaingiza kisu pembeni akainua chizi yote ikatoka kipande kimoja kama mkeka, akaniuliza nani anahamia leo. Sijasahau.

Kwa hiyo nunua gramu 250 tu badala ya 400, mozzarella gramu 170 na cheddar 80. Mozzarella inavutika lakini imepoa kwa ladha, cheddar inaleta ladha. Ila angalia mozzarella gani, hapo ndo wifi angekuponza: ile laini inayoelea kwenye maji zaidi ya nusu yake ni maji, itakurudisha kwenye bwawa. Chukua ile ngumu ya bonge wanayowekea piza. Ukikosa mozzarella, gouda inafanya kazi nzuri tu na mara nyingi bei yake ni nafuu. Kwangua mwenyewe nyumbani, zile za paketi zilizokwanguliwa tayari zimepakwa unga wa wanga au nyuzi za mimea zisishikane, basi haziyeyuki vizuri. Chizi za slesi na za pembetatu zimetiwa chumvi maalumu zinazozuia mafuta yasijitenge, zinayeyuka laini sana ila zina chumvi nyingi na juu hazipigi ile rangi ya kahawia inayotakiwa. Na paneer usihangaike nayo kabisa, ile haiyeyuki hata uipike mpaka kesho.

Sasa siri, ingawa si siri, Wagiriki na Wamisri wanaifanya miaka yote kwenye makaroni yao ya kuoka: usitegemee chizi ilinde juu, tegemea sosi nyeupe. Siagi gramu 40 iyeyushe, tia unga wa ngano gramu 40 (vijiko vya chakula vitano vya kusawazisha), kaanga dakika mbili bila kuacha ubadilike rangi, mwaga maziwa nusu lita kidogo kidogo huku unakoroga mpaka iwe nzito kama uji wa mtoto. Zima moto. Ikishaacha kuchemka ndo tia gramu 150 za chizi ukoroge. Ule unga unakaa katikati ya mafuta na protini unazuia wasigombane, kwa hiyo chizi iliyo ndani ya sosi hata ikipata moto dakika 30 haikamuki. Na usiwe mvivu ukamimina maziwa moja kwa moja kwenye sosi ya nyanya, asidi ya nyanya inatosha kuyakatisha maziwa na utapata vipande vipande kama mtindi uliovunjika.

Kupanga: changanya makaroni na sosi ya nyanya na nyama, halafu itazame. Lazima ionekane nyepesi kuliko unavyotaka iwe mezani, itelezeteleze, kama ni nzito ongeza nusu ya kile kikombe cha maji ya makaroni. Najua nimetoka kukwambia ukaushe nyanya na sasa nakwambia uongeze maji, usinikasirikie, tofauti ni kwamba sasa unapima wewe, na makaroni yana kiu ya kuyanywa. Mimina kwenye trei, tandaza sosi nyeupe juu ifunike mpaka kwenye kona. Ile gramu 100 ya chizi iliyobaki iweke pembeni, bado.

Oveni weka 180, iache ipate moto kabisa dakika 15 kabla. Trei ikae rafu ya katikati au chini yake, maana hizi za mezani waya wa juu uko karibu sana na chakula, rafu ya juu ni kama kuchoma mishkaki. Funika na foili bila kuigusisha sosi, asidi ya nyanya inatoboa foili, utaona vitundu na madoa ya kijivu. Dakika 20 hadi 25, mpaka pembeni ichemke. Funua, nyunyiza chizi, rudisha dakika 10 hadi 12. Ikishapata madoa ya kahawia hapa na pale toa, usisubiri yaenee.

Kabla ya hapo ijaribu oveni yako na slesi za mkate. Zipange zijaze rafu nzima, moto 180, chungulia baada ya dakika tano, kisha kila dakika moja. Zile zinazowahi kuungua zinakuonyesha upande wenye moto mkali, na trei yako utaigeuza katikati ya kuoka. Kama juu zimeungua na chini nyeupe pee kwenye kila jaribio, inawezekana waya wa chini umekufa, na hiyo hakuna ufundi wa mapishi utakaoitibu, mpelekee fundi. Na kama ukiigusa inakupiga shoti hata kidogo, au inaangusha swichi kuu ya nyumba kila ukiiwasha, chomoa na usiiguse tena mpaka fundi wa umeme aione, hata kama wakwe wapo mlangoni.

Umeme ukikatika mkaa unafaa, bibi zetu wameoka mkate wa kumimina kwa mkaa bila hata kuijua oveni. Sufuria kubwa nzito, mchanga mkavu chini kidogo, juu ya mchanga weka trei au sufuria ndogo yenye makaroni, funika na mfuniko wa bati ulio bapa na upalie makaa juu. Makaa ya chini machache, ya juu mengi kidogo, kinyume chake utaunguza chini na juu patabaki pametulia tu. Dakika 25 hivi, chizi tia mwisho vile vile, funua kwa uangalifu jivu lisimwagikie. Fanya nje au kibarazani, mkaa ndani ya chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu na inaua watu kimya kimya.

Baba mkwe. Hapa nitakuwa mkweli, chakula hiki hakikosi chumvi, chizi yenyewe ina chumvi, maji ya makaroni yana chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, pungufu ya kijiko kimoja cha chai. Kupunguza chizi toka 400 mpaka 250 tayari umemsaidia. Acha kabisa zile kyubu za supu kwenye nyama, maji ya makaroni yatie kijiko cha chai kimoja tu, kwenye sosi nyeupe usitie chumvi hata chembe, na thomu, pilipili manga na majani ya mrehani vitaziba pengo. Mkatie kipande cha kiasi na kachumbari nyingi isiyo na chumvi. Lakini kama daktari wake amempa masharti maalumu, au ana shida ya figo pamoja na hiyo presha, mimi mpishi sina mamlaka hapo, muulize mama mkwe mapema kliniki walisema nini.

Hukuuliza mabaki ila nayajua yatakuwepo. Yasilale mezani. Ndani ya saa mbili yawe kwenye friji, yagawe kwenye vyombo vifupi yapoe haraka, na yasibaki kwenye sufuria ya alumini. Kuna bakteria wa vyakula vya wanga ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemsha, chakula kikilala kwenye joto la Dar wanazaliana na kutoa sumu, na sumu nyingine hata upashe moto vipi haiondoki. Siku ya pili pasha mpaka katikati pafuke moshi, ongeza kijiko cha maji na funika. Mtu akila akatapika mfululizo, akaharisha damu, au mtoto akashindwa kunywa hata maji, usimtibu na ndimu, hospitali.

Ukitaka kupunguza mbio za Jumapili, pika sosi ya nyanya Jumamosi iweke friji, inazidi hata kuwa tamu. Makaroni yachemshe siku yenyewe, usiyalaze kwenye sosi, yatakunywa kiu yake yote usiku na wewe utaanza upya. Na kama trei yako ni ya kioo usiitoe friji ukaitia oveni ya moto, itapasuka paa.

Fanya majaribio Alhamisi na nusu ya vipimo. Jumapili ikishatoka oveni kutakuwa na harufu na watu watasogea na sahani, wewe usikate. Ndani bado kunachemka na sosi ni nyepesi, ukikata saa hiyo inamwagika na utadhani bwawa limerudi. Ifunike na kitambaa dakika 15, wape juisi.